Nani hasa atamnoa kijana wako? Makocha wasaidizi wa besiboli vyuoni Marekani, mmoja mmoja

Mzazi wa kijana anayecheza besiboli Marekani akipata ofa za vyuo viwili, jambo la kwanza hukutajia majina ya makocha wakuu. "Huyu alishafika Omaha." Sawa. Fainali za vyuo zinachezwa Omaha, Nebraska, tangu 1950, na kufika huko si mchezo. Lakini muulize: asubuhi ya Jumanne mwezi wa kumi, baridi imeanza kung'ata, kijana anarusha mipira ya mazoezi, nani amesimama nyuma yake akimwangalia kiwiko? Mara nyingi siye kocha mkuu. Ni msaidizi ambaye jina lake nyumbani hakuna anayelikumbuka.

Ndiyo maana ukikwama kati ya vyuo viwili vinavyolingana kwa masomo na kwa fedha, linganisha wasaidizi. Hawafanani hata kidogo. Mmoja amecheza ligi kuu ya kulipwa ya Marekani, mwingine hajawahi kulipwa senti moja kama mchezaji, wa tatu alikuwa anafundisha sekondari, wa nne anaongea kwa namba tu.

Benchi la ufundi likoje

Aliyezoea soka hatapotea. Kama Simba au Yanga wanavyokuwa na kocha mkuu, kocha wa makipa, kocha wa viungo na mchambuzi wa video, ndivyo na hapa. Kocha wa warushaji ndiye kama kocha wa makipa, ila mzigo wake ni mzito zaidi kwa sababu kila mpira wa mchezo huanzia mkononi mwa mrushaji. Yupo kocha wa wapigaji. Wa tatu huwachukua wadakaji (wanaopokea mipira ya mrushaji nyuma ya mpigaji) au wachezaji wa ndani, wale wanaolinda karibu na besi, kutegemea timu. Juu ya hayo, mmoja wao hubeba usajili: kusafiri, kukaa majukwaani na daftari, kupiga simu usiku. Siku ya mechi kuna anayesimama karibu na besi ya tatu akizungusha mkono ili mkimbiaji aendelee mpaka nyumbani, yaani besi ya mwisho anapopata pointi, au akiinua viganja asimame. Akikosea huyo, uwanja mzima unamjua kwa jina.

Jambo ambalo wengi hawalitarajii: katika timu nyingi za vyuo, mrushaji na mdakaji hawachagui wenyewe aina ya mpira wa kurusha. Kocha wa warushaji huamua akiwa kwenye benchi, akatuma namba ambayo mdakaji huisoma kwenye kikaratasi cha mkononi au, siku hizi, kwenye kifaa cha kielektroniki. Msaidizi huyo anacheza mechi nzima bila kugusa mpira. Kama kijana wako ni mdakaji, liweke hilo akilini, tutalirudia.

Idadi nayo ina historia yake. Kwa miaka mingi kanuni za NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, ziliruhusu timu ya daraja la kwanza kuwa na kocha mkuu, wasaidizi wawili wa mshahara na mmoja wa kujitolea. Huyo wa kujitolea alifanya kazi sawa na wenzake, akaganga njaa kwa fedha za kambi za watoto wakati wa kiangazi. Tangu 1 Julai 2023 cheo hicho kimefutwa, na timu inaweza kuwa na wasaidizi watatu wa kawaida. Baadhi ya waliojitolea walikwenda mahakamani, na NCAA ikakubali kuwalipa makocha wa besiboli wa aina hiyo zaidi ya dola milioni 49. Ukiona kwenye wasifu wa kocha wa miaka 40 "msaidizi wa kujitolea, misimu mitatu", usimdharau. Huenda ndiye aliyelala kwenye sofa la rafiki ili aipate kazi hii.

Vipimo

Kila kocha hapa chini nimempima kwa mambo manne: njia aliyopita, anachokupa, anapopwaya, na anayemfaa. La tano linawahusu wote kwa hiyo nimeliweka mbele ya mwongozo wa mwisho: atakaa?

Kabla ya yote tenganisha anayekusajili na atakayekufundisha. Huenda ni mtu mmoja, na huenda wawili hawa hawakai hata ofisi moja. Vyuo vya daraja la kwanza haviruhusiwi kuwasiliana na mchezaji kuhusu usajili kabla ya tarehe 1 Agosti ya kuingia mwaka wa tatu wa sekondari ya Marekani. Saa sita ya usiku huo simu zinaanza kulia, na sauti nzuri utakayoisikia ni ya mratibu wa usajili. Kazi yake ni kukufanya upende chuo. Muulize wazi: "Mwanangu akifika, atakuwa chini yako au chini ya nani?" Kisha omba kuzungumza na huyo "nani".

Aliyecheza ligi kuu

*Njia aliyopita.* Troy Tulowitzki ndiye mfano ulio wazi. Alipita chuo cha Long Beach State, akawa nyota wa Colorado Rockies katika nafasi ya kati ya besi ya pili na ya tatu, akachaguliwa mara tano kwenye mechi ya nyota. Alipostaafu mwaka 2019 alijiunga na Chuo Kikuu cha Texas kama msaidizi wa kujitolea. Kiti kilekile ambacho kijana mwingine alikikalia kwa njaa, yeye alikikalia kwa sababu mshahara haukuwa shida yake.

*Anachokupa.* Macho. Ameona mpira wa kilomita 155 kwa saa ukimjia usoni, na anajua kilichofanya aupige. Kwa mchezaji wa ndani, kumtazama mtu kama huyo akisogeza miguu mbele ya mpira wa chini ni darasa ambalo video haina. Anajua pia maisha ya kambi za kulipwa, safari na upweke wake, mambo ambayo wengine wamesimuliwa tu.

*Anapopwaya.* Kilichokuwa rahisi kwake huenda hajui kukieleza. Soka letu limejaa magwiji waliofeli kwenye benchi kwa sababu hiyo hiyo. Na kwa kuwa hana shida ya fedha, akichoka na safari za basi anaweza kurudi nyumbani kwake.

*Anamfaa nani.* Kijana mwenye kipaji kikubwa tayari, anayehitaji kusuguliwa kingo tu. Anayeanza kujifunza misingi atapata shida kumfuata.

Aliyekulia vyuoni

*Njia aliyopita.* Hawa ndio wengi. Alicheza chuoni, hakufika mbali, akabaki kama msaidizi mwanafunzi, kisha msaidizi, akihama chuo hadi chuo. Tony Vitello hakuwahi kucheza besiboli ya kulipwa. Alikuwa msaidizi Missouri, kisha TCU, kisha Arkansas, akijulikana zaidi kwa usajili kuliko kitu kingine. Tennessee ilimpa ukocha mkuu mwaka 2017, akatwaa ubingwa wa taifa 2024, na Oktoba 2025 San Francisco Giants wakamchukua moja kwa moja kutoka chuo kuwa meneja wao kwenye ligi kuu. Njia hiyo haikuwa na nyayo za mtu kabla yake. Aliyeachiwa Tennessee ni Josh Elander, msaidizi wake, ambaye miaka ya nyuma alikuwa mdakaji TCU wakati Vitello akiwa msaidizi hapo. Tazama mnyororo huo: mchezaji, msaidizi wa kocha wake wa zamani, kisha mrithi wake.

*Anachokupa.* Anaujua mfumo mzima. Anajua mwalimu gani wa kemia hakubali udhuru wa safari, namna ya kupanga vipindi msimu unapoanza katikati ya Februari na una mechi 56, na chuo gani cha miaka miwili kingekupokea ukikosa nafasi. Anajua kanuni mpya pia, na hizo zimebadilika vibaya sana. Zamani timu ilikuwa na skolashipu 11.7 kamili, zikikatwa vipandevipande kama mkate na kugawiwa wachezaji. Baada ya makubaliano yaliyoidhinishwa na mahakama Juni 2025, vyuo vilivyojiunga nayo havina ukomo wa skolashipu, ila kikosi kisizidi wachezaji 34. Fedha zinaweza kuongezeka, viti vimepungua. Msaidizi wa aina hii ndiye atakayekwambia ukweli, akitaka, kwamba kiti unachoahidiwa kinaangaliwa pia na mchezaji wa miaka 22 anayehamia kutoka chuo kingine.

*Anapopwaya.* Wengine ni wauzaji kuliko walimu. Ameleta vijana kumi wazuri, sita wamehama, na jumla ya kazi yake ikaonekana ni kujaza basi. Njia ya kumjua ni rahisi: takwimu za wachezaji zipo hadharani kwenye tovuti za vyuo. Chukua majina ya aliowasajili miaka mitatu iliyopita, uone wangapi bado wapo na wangapi wamepanda kiwango.

*Anamfaa nani.* Mwanafunzi anayehitaji mtu wa kumshika mkono katika mambo ya nje ya uwanja. Kijana wa familia ambayo ndiyo kwanza inaingia kwenye mfumo wa vyuo vya Marekani, mimi ningemweka hapa.

Mtu wa kamera na namba

*Njia aliyopita.* Ametoka kwenye maabara ya urushaji kama Driveline, iliyoko Kent, jimbo la Washington, au kwenye idara ya kuendeleza vijana ya klabu ya kulipwa. Max Weiner alikuwa akisimamia warushaji katika mfumo wa Seattle Mariners kabla ya kushuka vyuoni, Texas A&M. Nimesema kushuka, lakini siku hizi si kushuka tena, kwani vyuo vikubwa vinalipa vizuri.

*Anachokupa.* Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo besiboli ya vyuo imebadilika kuliko popote. Kila mrusho unapimwa: kasi, mizunguko ya mpira kwa dakika, pembe ya kuachia, umepinda sentimita ngapi. Vipo vyombo kama Rapsodo, na TrackMan, rada iliyoanzia kwenye gofu. Kamera za kasi kubwa zinaonyesha kidole gani kiligusa mshono mwisho. Zamani kocha alisema "mpira wako leo hauna uhai", mrushaji akaenda kulala na fumbo. Huyu anasema shikilia mpira hivi badala ya vile, rusha kumi, tuangalie. Jibu linapatikana kabla ya chakula cha mchana.

Wes Johnson ndiye anayetajwa sana, naye anavuruga makundi yangu yote, kwani alianzia kufundisha shule za sekondari Arkansas. Akafika chuo kikuu cha jimbo hilo kama kocha wa warushaji, na klabu ya Minnesota Twins ikamtoa hapo moja kwa moja kumpa warushaji wa ligi kuu msimu wa 2019. Katikati ya msimu wa 2022 akaondoka Twins kwenda LSU, chuo kikuu cha jimbo la Louisiana. Huko alimkuta Paul Skenes, aliyehamia kutoka chuo cha Jeshi la Anga ambako alikuwa mrushaji na mdakaji kwa pamoja. Msimu wa 2023 Skenes aliwatoa wapigaji 209 kwa straiki tatu, LSU ikatwaa ubingwa, naye akawa chaguo la kwanza kabisa la drafti, ambako klabu za ligi kuu huchagua vijana kwa zamu. Johnson je? Georgia ilishamtangaza kuwa kocha wake mkuu kabla hata fainali hazijaisha. Msimu mmoja tu. Kwa Skenes ulitosha. Kwa kijana wa mwaka wa kwanza aliyeifuata LSU kwa ajili ya Johnson, fikiria mwenyewe.

*Anapopwaya.* Namba hazimwambii kama mama yako anaumwa nyumbani na hujalala. Wengine wanafukuza kasi kwa pupa, na mkono wa binadamu si mashine. Uliza bila aibu: katika miaka mitatu, warushaji wako wangapi wamefanyiwa upasuaji wa Tommy John? Huo ni ule wa kiwiko, na kurejea uwanjani huchukua mwaka na zaidi. Jibu la ukweli halitakuwa sifuri mara nyingi. Unachotafuta ni kama amejiandaa kulijibu.

*Anamfaa nani.* Mrushaji mwenye mwili mzuri na mpira usiotii, anayependa kujua kwa nini. Anayechanganyikiwa akiambiwa mambo matatu kwa wakati mmoja, amkimbie.

Mwalimu wa sekondari au wa chuo cha miaka miwili

*Njia aliyopita.* Alifundisha historia asubuhi na besiboli jioni. Au alikuwa kwenye chuo cha miaka miwili, ambako kocha msaidizi hukata nyasi, huchora mistari ya chokaa, huendesha basi dogo la timu na kufua jezi akirudi.

*Anachokupa.* Uvumilivu, na maneno mepesi. Amefundisha vijana wasio na kipaji na akawafanya waweze kucheza, kwa hiyo anajua ngazi ya kwanza iko wapi. Anaandika ratiba na kuifuata. Wengi wao hukumbuka siku ya mitihani.

*Anapopwaya.* Hana watu wengi wa kupigia simu kwenye klabu za kulipwa, na vifaa anavyovijua ni vile alivyoweza kununua, yaani vichache.

*Anamfaa nani.* Aliyechelewa kuanza mchezo, au anayehitaji mechi nyingi sasa hivi badala ya kusugua benchi kwenye chuo kikubwa. Wala usidhani chuo cha miaka miwili ni shimo: Bryce Harper alicheza College of Southern Nevada na mwaka 2010 akawa chaguo la kwanza la drafti. Mchezaji wa huko anaweza kuchaguliwa kila mwaka, wakati wa chuo cha miaka minne husubiri mpaka amalize mwaka wa tatu au afikishe miaka 21.

Mzee aliyewahi kuwa kocha mkuu

Kundi dogo, lakini usilipite. Frank Anderson alikuwa kocha wa warushaji Texas walipotwaa ubingwa wa 2002, akawa kocha mkuu Oklahoma State kuanzia msimu wa 2004 hadi 2012, kisha akarudi kuwa msaidizi, kwanza Houston na baadaye Tennessee, akanyanyua kombe la 2024. Mwanawe, Brett, alirusha ligi kuu. Anachokupa ni utulivu: hagombei kiti cha mtu. Anapopwaya, wengine wa rika lake hawataki kusikia habari za kamera, na ubishi wao ni wa chuma. Anamfaa mrushaji mwenye presha, anayehitaji mtu aliyekwisha kushinda na kushindwa yote.

Atakaa?

Msaidizi mzuri ni bidhaa sokoni. Juni 2024 Texas A&M walipoteza fainali kwa Tennessee, na siku iliyofuata kocha mkuu wao, Jim Schlossnagle, akatangazwa Texas, mahasimu wao wa jadi. Weiner akamfuata. Michael Earley, kocha wa wapigaji, akapewa timu nzima iliyoachwa. Hivyo ndivyo benchi la ufundi linavyoweza kusambaa katika wiki moja. Upande wa pili yupo Derek Johnson, aliyewanoa warushaji wa Vanderbilt kuanzia 2002 hadi 2012, akiwemo David Price, chaguo la kwanza la drafti ya 2007, kabla ya kwenda kwenye besiboli ya kulipwa. Wa aina hiyo ni wachache.

Sasa chagua kulingana na hali yako

Kama kijana ana mwaka mmoja au miwili tu ya kubaki chuoni, usihangaike sana na suala la nani atakaa. Mfuate mtaalamu bora wa nafasi yake, kamera na namba zake, maana muda unatosha kuvuna.

Kama anaingia mwaka wa kwanza, pima benchi zima. Chuo chenye wasaidizi wawili wazuri wa asili tofauti kina bima ambayo chuo cha msaidizi mmoja maarufu hakina.

Mdakaji aulize nani anaita mirusho. Kama ni kocha kwa asilimia mia, aulize kama kwenye mechi za mazoezi za vuli huachiwa aite mwenyewe. Anayetaka kucheza juu zaidi atahitaji ujuzi huo.

Aliye Kampala, Lugazi au Nairobi ana hesabu nyingine. Njia imeanza kuonekana: timu ya Lugazi ilicheza fainali za dunia za Little League, besiboli ya watoto, mwaka 2012, ya kwanza kutoka Afrika kufanya hivyo, na mwaka 2022 Los Angeles Dodgers waliwasaini Waganda wawili, Ben Serunkuma na Umar Male. Kwa anayeelekea chuoni badala ya klabu, msaidizi mwenye jina kubwa si wa kwanza kwenye orodha. Wa kwanza ni yule ambaye tayari ameleta wanafunzi wa kigeni, anaijua ofisi yao pale chuoni, na anaelewa kwamba visa ya mwanafunzi, F-1, inabana kazi za malipo. Chuo cha miaka miwili chenye kocha mwalimu mara nyingi ndicho mlango ulio wazi.

Na kama kijana ameshasaini, kisha msaidizi wake akaondoka? Kuondoka kwa kocha mkuu hufungua dirisha maalumu la uhamisho, lakini kuondoka kwa msaidizi hakufungui. Mpigie kocha mkuu wiki hiyohiyo, muulize anatafuta mtu wa aina gani kati ya hawa tuliowapitia. Kijana naye amwombe anayeondoka mpango wake wa mazoezi kwa maandishi, pamoja na video zake zote, kabla hajakabidhi funguo za ofisi.